Karatasi 4, kurasa 16: jinsi jarida la muziki linavyopangwa

Zoezi la kutengeneza jarida la muziki ni la siku nyingi katika masomo ya habari. Mwanafunzi huambiwa atoe jalada, ukurasa wa yaliyomo na makala moja ya kurasa mbili. Mwalimu mkali zaidi hudai jarida zima. Zoezi hilo linapendwa kwa sababu kila kijana ana msanii wake wa moyoni, na linawashinda wengi kwa sababu hiyohiyo. Mapenzi yakizidi, ukurasa unafurika. Mwanza ni mahali pazuri pa kulifanyia: Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino pale Malimbe kinafundisha uandishi wa habari, Radio Free Africa inarusha matangazo yake kutoka mji huuhuu, na muziki umejaa kuanzia kwaya za makanisani hadi ngoma za Kisukuma.

Kinachowachanganya wanafunzi ni wingi wa amri. Tumia gridi, yaani mistari ya kuongoza mpangilio wa ukurasa. Usizidishe fonti mbili. Acha nafasi nyeupe. Ongeza milimita 3 pembeni. Picha ziwe na pikseli 300 kwa inchi. Makala ianzie kurasa za katikati. Wanazipokea zote kwa pamoja kana kwamba ni dini moja, wanazitii bila kujua ipi inatoka wapi, na siku amri mbili zikigongana hawajui waivunje ipi. Ukweli ni kwamba baadhi ya amri hizo zinatoka kwa karatasi na mashine, hizo hazina mjadala. Nyingine zinatoka kwa jicho la msomaji, na hapo kuna nafasi ya kubishana. Zilizobaki ni mitindo ya watu na nyakati zao, unaweza kuzitupa zote kama una sababu.

Tuanze na karatasi, maana ndiyo inayosahauliwa zaidi. Weka kompyuta pembeni. Chukua karatasi 4 za A4, zipange pamoja, zikunje katikati na uzipige pini kwenye mkunjo. Umepata kijitabu cha kurasa 16 za A5; jarida lenye kurasa za A4 hukunjwa hivyohivyo kwa karatasi za A3. Andika namba kwa kalamu kuanzia jalada la mbele hadi la nyuma, kisha ng'oa pini uzitandaze. Karatasi ya nje ina ukurasa wa 16 na wa 1 upande mmoja, wa 2 na wa 15 upande wa pili. Inayofuata ina 14 na 3, nyuma yake 4 na 13. Ya tatu ina 12 na 5, nyuma yake 6 na 11. Ya ndani kabisa ina 10 na 7, nyuma yake 8 na 9. Kila jozi ukiijumlisha unapata 17.

Hesabu hiyo ndogo inaeleza nusu ya mambo ambayo wanafunzi hudhani ni mapenzi ya mwalimu. Jarida la kupigwa pini haliwezi kuwa na kurasa 18, kwa kuwa kila karatasi inaleta kurasa 4 na ukitaka mbili zaidi utalipia nne. Namba shufwa hukaa kushoto na witiri kulia, kwa hiyo makala ya kurasa mbili zinazotazamana lazima ianzie namba shufwa. Anayepanga makala yake ukurasa wa 5 na wa 6 amempa msomaji kazi ya kufunua karatasi katikati ya picha. Halafu kuna jambo la ukurasa wa 8 na wa 9: hizo ndizo kurasa mbili pekee zinazotazamana ambazo ziko upande mmoja wa karatasi moja. Picha inayovuka mkunjo mahali pengine popote inachapwa vipande viwili kwenye karatasi mbili tofauti, na zikikunjwa vibaya kidogo tu, mkono wa mpiga gitaa unahama na kuachana na bega lake.

Kwenye hesabu hiyohiyo kuna ahueni ya mfuko. Kuchapa kwa rangi kunagharimu zaidi ya kuchapa kwa wino mweusi, na mwanafunzi asiyejua habari ya karatasi hutawanya rangi ovyo: picha moja ya rangi ukurasa wa 4, nyingine ukurasa wa 11, na mwishowe analipia rangi karatasi zote. Ukijua jozi, unaamua karatasi ya nje na ya katikati ziwe za rangi, yaani kurasa za 1, 2, 7, 8, 9, 10, 15 na 16, na zile mbili zilizobaki ziwe nyeusi tupu. Umepunguza gharama, na zaidi ya hapo umepata mpangilio: habari fupi, barua na uchambuzi wa nyimbo vinakwenda kwenye kurasa nyeusi, picha kubwa zinakwenda kwenye rangi. Wala uhaba hauharibu sura. Toleo la kwanza la Rolling Stone, lililotoka San Francisco tarehe 9 Novemba 1967 likiwa na John Lennon jaladani, lilichapwa kwenye karatasi ya gazeti, na sura hiyo ya kigazeti ikawa sehemu ya tabia yake.

Baada ya kujua karatasi, panga mfuatano. Chora visanduku 16 kwenye karatasi moja, kila kimoja ni ukurasa, na uandike ndani yake neno moja au mawili tu: jalada, tangazo, yaliyomo, mahojiano. Usichore kitu kingine. Jarida zuri la muziki huenda kama wimbo wa dansi: halianzi na sebene. Vipande vifupi mwanzoni, sauti inajengeka, katikati msomaji anaachiwa picha na makala ndefu, kisha anashushwa taratibu kwa orodha na vijihabari. Kazi nyingi za wanafunzi zinachosha kwa sababu kila ukurasa unapiga kelele zilezile, na hilo huwezi kuliona ukiwa unatengeneza ukurasa mmoja mmoja kwenye kioo cha kompyuta.

Hapo katikati pafaa kukaa kidogo, na nitatumia mfano wa nyumbani. Bujora, pale Kisesa kwenye barabara ya kwenda Musoma, kuna makumbusho ya Wasukuma ambayo mwanzilishi wake ni Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Kila mwezi Juni, mavuno yakiwa yamekwisha, hapo hufanyika Bulabo, sherehe iliyofungamana na sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, hushindana. Kwa mapokeo asili yao ni waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha. Na namna ya kushindana ndiyo inayonifurahisha kama msanifu: pande mbili zinacheza kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watazamaji wengi. Umati ndio hakimu. Mtu anaondoka upande huu anakwenda ule, na kwa miguu yake amepiga kura.

Mwanafunzi akipewa habari hiyo, mara nyingi atatafuta picha ya mchezaji aliyeinua chatu, ataijaza ukurasa wa kushoto, na kulia atamwaga maandishi. Itapendeza, lakini haijasema lolote kuhusu ngoma hizo ambalo haliwezi kusemwa kuhusu ngoma nyingine yoyote yenye nyoka. Sasa angalia kurasa za 8 na 9 zilivyo: mbili, zinatazamana, katikati kuna mstari wa mkunjo. Bagika kushoto, Bagalu kulia. Mkunjo ni mpaka wa uwanja. Picha inayofaa ni iliyopigwa kutoka mahali pa juu, yenye makundi yote mawili na umati wao, ikatandazwa kurasa zote mbili ili watu wanaohama waonekane wakiuvuka mkunjo. Msomaji hajasoma neno hata moja na ameshaelewa sheria ya mchezo. Maelezo mafupi chini ya picha yataje nani alivuta wengi, na maandishi yenyewe yakae kwenye ukanda mwembamba chini, safu za kushoto zikizungumzia upande mmoja na za kulia upande wa pili.

Mpango huo nao unapaswa kuitii karatasi. Pini mbili zinapita kwenye mkunjo wa kurasa hizohizo, hivyo usiache uso wa mtu uangukie pale. Mpangilio ukiwa kwenye kioo, mkunjo ni mstari tu; ukiwa mkononi, ni bonde linalomeza milimita kadhaa kila upande. Herufi za kichwa cha habari zinazovuka bonde hilo zipewe mwanya kati ya maneno, kamwe si katikati ya neno.

Tugeukie maandishi, ambako Kiswahili kina madai yake ambayo violezo vya mtandaoni havikuyafikiria. Ukurasa wa A4 una upana wa milimita 210. Ondoa ukingo wa milimita 15 kila upande, unabaki na 180. Ukizigawa safu tatu zenye mwanya wa milimita 5, kila safu inapata kama milimita 57, na kwa herufi za pointi 9 na nusu mstari mmoja utabeba herufi zisizofika 40. Kwa Kiingereza, chenye maneno mafupi mengi, mstari huo unabeba maneno sita au saba. Kwa Kiswahili neno moja kama "waliowatumbuiza" linakula zaidi ya theluthi ya mstari. Ukiamuru kompyuta inyooshe pande zote mbili za safu, itayatawanya maneno matatu yaliyobaki hadi yaache mashimo, na mashimo ya mstari huu yakikutana na ya mstari unaofuata, mfereji mweupe unashuka ukurasani. Ushauri wangu ni safu mbili kwa makala ndefu, au tatu zilizonyooshwa kushoto tu na kuachwa kulia zikiwa na ncha zisizolingana. Safu isiyonyooka kulia haina kosa lolote, ingawa kuna walimu wanaoikata alama.

Angalia pia lugha uliyoiambia programu. Ikiachwa kwenye Kiingereza, itakata maneno kwa kanuni za Kiingereza, na mwisho wa mstari utakuta "Kis-" huku "wahili" ikianza mstari wa pili. Silabi zetu nyingi zinaishia na vokali, kwa hiyo kata baada ya vokali: wa-na-mu-zi-ki. Usitenganishe ch, sh, ny, mw wala ng'. Kama programu haina kanuni za Kiswahili, zima ukataji kabisa ukate mwenyewe pale panapolazimu. Ni kazi ya macho, inachosha, lakini ndiyo inayotofautisha ukurasa uliosanifiwa na uliomwagwa.

Fonti sitazisemea sana. Moja ya maandishi, moja ya vichwa, na ukubwa uwe na ngazi zinazoonekana: kama kichwa ni pointi 14 na maandishi ni 10, msomaji hajui aanzie wapi, kipe kichwa 40. Rangi ya dhahabu yenye kivuli na mng'ao iache.

Kuhusu programu, zipo watu wanazozipigania kama Simba na Yanga. InDesign ndiyo ya viwandani, Scribus ni ya bure na inafanya kazi hiyohiyo kwa jasho zaidi, Canva ni rahisi lakini kwa makala ndefu inasumbua kwa sababu maandishi hayatiririki yenyewe kutoka safu moja kwenda nyingine. Usitumie Photoshop kupanga maandishi ya jarida zima. Itumie kutengeneza picha zako, kisha zipeleke kwenye programu ya kurasa.

Picha ndiyo sehemu inayoumiza zaidi siku ya kuchapa. Jalada la A4 pamoja na ziada ya kukatia, milimita 3 kila upande, ni milimita 216 kwa 303. Kwa pikseli 300 kila inchi linadai takriban pikseli 2,550 kwa 3,580. Kamera ya simu ya megapikseli 12 inatoa 3,000 kwa 4,000, inatosha na inabaki. Tatizo ni njia inayopita picha hiyo. WhatsApp huibana picha inapoituma kama picha. Ikikufikia ikiwa na pikseli 1,600 kwa urefu, inatosha sentimita 13 na nusu tu, pungufu ya nusu ya jalada. Mwambie rafiki yako aitume kama faili la waraka, au uifuate na flashi. Ile ziada ya milimita 3 nayo ina maana rahisi: kisu cha mchapaji hakikati kwa usahihi wa wembe kila nakala, na picha inayoishia sawasawa na ukingo itaacha uzi mweupe pembeni.

Rangi ni balaa jingine. Kioo cha simu kinatengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, wa kijani na wa bluu. Mashine inatumia wino wa samawati, majenta, njano na nyeusi. Bluu kali ya taa za jukwaani, na hata ile ya ziwa wakati wa asubuhi iliyokolezwa na kichujio cha simu, haimo ndani ya wino hizo; itatoka imefifia au imeelekea zambarau. Tena tone la wino likidondoka kwenye karatasi isiyong'aa linasambaa, kwa hiyo picha nzima inakuwa nyeusi kuliko ulivyoiona. Kwa nyuso zetu hilo ni jambo zito. Mwimbaji mweusi aliyepigwa picha ukumbini usiku, akaonekana vizuri kwenye kioo kinachong'aa, akichapwa anabaki meno na kipaza sauti. Dawa yake ni kuinua mwanga wa maeneo ya kati ya picha kabla ya kuchapa, bila kugusa nyeusi kamili, na bila kumchubua mtu akawa rangi isiyo yake. Chapa uso huo peke yake kwenye karatasi ileile utakayotumia, uutazame kwenye mwanga wa mchana. Nakala moja ya majaribio kwenye steshenari ni bei ndogo kuliko nakala 50 za kujutia.

Jalada watu hulianza la kwanza. Mimi napendelea liwe la mwisho, wakati tayari unajua ndani kuna nini. Ushauri ulioandikwa kwa ajili ya maduka ya Ulaya, kwamba jina la jarida lazima lionekane upande wa kushoto kwa kuwa majarida hupangwa rafuni yakifunikana, hauna maana kubwa kwa jarida la mwanafunzi wa Mwanza. Jalada lako litaonwa kwanza kwenye simu, ndani ya status ya mtu, likiwa dogo kuliko kiganja. Lipunguze hadi upana wa sentimita 4 uone kinachobaki. Ikiwa jina halisomeki na uso hautambuliki, ongeza ukubwa, punguza vitu. Vichwa vitatu vya habari vinatosha. Na ile misimbopau ya uongo ambayo wanafunzi hubandika ili jarida lionekane la kweli, kama mwalimu ameidai basi ihamie ukurasa wa 16, maana haiskaniwi na mtu na inakula kona nzuri.

Halafu mawe. Kila msanii wa Mwanza ameshapigwa picha mbele ya mawe, na Jiwe la Bismarck lina jua la kuzama nyuma yake bure kila jioni isiyo na mawingu. Sina ugomvi na mawe. Fid Q, aliyekulia mji huu, akipigwa picha pale kuna maana: Rock City ni jina la Mwanza ambalo wanahiphop wake wamelibeba. Lakini kwaya inayofanya mazoezi Jumamosi, kijana anayerekodi chumbani kwenye kuta zilizofunikwa magodoro, muziki unaopigwa kwenye spika za Mwaloni Kirumba katikati ya magunia ya dagaa, hao wana mahali pao, na mahali hapo ndipo panapoupa ukurasa rangi na umbile. Gitaa la kuchora, noti za muziki zinazoelea na vipokea sauti vya masikioni ni vitu vya kujaza nafasi. Muziki wenyewe hauonekani. Kinachoonekana ni watu wanaoupiga na mahali wanapoupigia.

Mwanafunzi mwenye kiburi cha sanaa atakuuliza: kwani lazima msomaji asome? Atamtaja David Carson, msanifu wa Ray Gun, jarida la muziki lililoanza Marekani mwaka 1992. Mwaka 1994 Carson aliona mahojiano na Bryan Ferry yanachosha, akayapanga yote kwa Zapf Dingbats, fonti ya alama na vipambo ambayo hakuna anayeweza kuisoma. Kisa hicho ni cha kweli na hupendwa kusimuliwa nusu. Nusu ya pili ni kwamba mahojiano hayohayo yalichapwa kwa herufi za kawaida mwishoni mwa toleo. Carson alivunja amri ya jicho akijua, na akamwachia msomaji mlango. Zaidi ya hayo, wasomaji wa Ray Gun walikuwa na majarida mengine mengi ya kusoma. Habari ya mpiga ngoma mzee wa Magu inaweza kuwa haijaandikwa popote pengine, na kuifanya isisomeke kwa ajili ya mbwembwe ni kumkosea.

Kuna mambo mawili ya kisheria, nitayapita haraka. Picha iliyo Instagram ni mali ya aliyeipiga, hata kama msanii aliye pichani ni binamu yako; Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mpiga picha kama inavyowalinda watunzi wa nyimbo, kwa hiyo mashairi ya wimbo mzima nayo usiyachape bila ruhusa. Na jarida likitoka darasani likaanza kusambazwa kwa umma, Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inadai leseni. Kwa nakala chache za kusahihishwa na mwalimu hilo halikuhusu, kwa mpango wa kuuza stendi ya Nyegezi linakuhusu.

Mwisho ni kumkabidhi mchapaji. Wengi hapa ndipo wanapojiharibia: wamezijua zile jozi za 17, wanataka kuonyesha ujuzi, wanamletea faili ambalo ukurasa wa 16 umeshaunganishwa na wa 1. Mashine yake ina programu ya kupanga jozi na inahesabu hata unene wa karatasi. Mpelekee PDF yenye kurasa mojamoja kwa mfuatano wa kusoma, fonti zikiwa zimefungwa ndani ya faili, ziada ya milimita 3 ikiwepo pande zote, na maandishi madogo yakiwa kwenye wino mweusi peke yake, maana herufi nyembamba iliyotengenezwa kwa wino nne ikisogea kidogo tu inaota kivuli cha rangi. Kabla ya yote muulize anataka faili la namna gani na karatasi gani anayo siku hiyo, kwa kuwa jibu la swali la pili linaweza kukurudisha kwenye picha zako ukaziongezee mwanga.